Kabla hujalipia tangazo, pima linki yako kwenye brauza hizi (mfano ni ukurasa wangu wa nyota)

Somo la leo lina ufundi kidogo, ila usikimbie maana linahusu hela yako. Kama una tovuti ndogo, iwe umetengenezewa na kijana wa mtaani au umejitengenezea mwenyewe kama mimi, kuiona inafunguka vizuri kwenye simu yako hakumaanishi inafunguka kwa mteja. Mteja ana simu nyingine, brauza nyingine, bando la kuungaunga, na wengine wapo nchi nyingine kabisa. Asipokiona kitufe cha kuagiza hatakupigia simu kukuambia. Anaondoka tu, na wewe unabaki kusema biashara ngumu mwezi huu.

Mimi nauza udi, ubani, marashi na mafuta ya kujipaka. Nimetengeneza ukurasa mdogo wa utabiri wa nyota. Mteja anaweka tarehe ya kuzaliwa, anaambiwa nyota yake, anapata maneno mawili matatu ya siku hiyo, halafu harufu ninayompendekezea. Chini kuna kitufe cha WhatsApp. Kwa nini nyota? Kwa sababu majina yenyewe watu wanayajua tayari: Punda, Ng'ombe, Mapacha, Kaa, Simba, Mashuke, Mizani, Ng'e, Mshale, Mbuzi, Ndoo, Samaki. Marehemu Sheikh Yahya Hussein, mnajimu wa Dar aliyefariki 2011, aliyafanya yajulikane mpaka kwa watu wasioamini hata kidogo. Ukimwambia mtu "wewe ni Mashuke" lazima aulize Mashuke wakoje.

Najua wapo watakaosema ramli ni haramu. Nawaheshimu, na ndiyo maana juu kabisa ya ukurasa nimeandika kwamba hii ni burudani. Hakuna ujumbe unaomwambia mtu amerogwa wala kwamba udi wangu unaondoa mikosi. Pia siulizi jina la mama, ingawa hesabu za falaki za asili zinaliulizia. Jina la mama watu wanalitumia kama jibu la siri kwenye akaunti zao, na tangu tarehe 1 Mei 2023 Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi inayofanya kazi. Usikusanye kitu usichokihitaji. Kama biashara yako ni viatu au keki, hapo kwenye nyota weka fomu ya saizi au fomu ya oda. Mambo ya kupima ni yaleyale.

Nilitaka kulipia tangazo la Sh 30,000. Kabla sijalipia nikaomba simu za watu. Jirani fundi simu, shemeji, mama lishe, wateja wangu wawili. Jumla simu 9. Kati ya hizo, nne hazikufika kwenye kitufe cha WhatsApp. Hebu piga hesabu mwenyewe hiyo elfu thelathini ingeenda wapi.

KWANZA UJUE BRAUZA ZIPO NGAPI KWELI

Ukiangalia majina ni mengi mno. Chrome, Edge, Opera, Samsung Internet, Firefox, Safari, na kadhalika. Lakini ndani yake kuna injini, na injini ndiyo inayosoma ukurasa wako. Chrome, Edge, Opera ya kawaida na Samsung Internet zote zinatumia injini moja inayoitwa Blink. Firefox ina yake, Gecko. Safari ina WebKit. Kwa iPhone za huku kwetu, hata mtu akipakua Chrome, ndani yake ni WebKit ileile ya Safari. Kwa hiyo mteja wa iPhone akikwambia "mimi natumia Chrome", wewe hesabu ni Safari.

Hii inakupunguzia kazi sana. Huhitaji kupima brauza kumi. Pima Chrome ya Android, Safari ya iPhone, Firefox ukiweza, halafu Opera Mini, ambayo ni kitu tofauti kabisa na Opera. Ongeza na ile brauza inayofunguka ndani ya Instagram na Facebook mtu akigusa linki kwenye wasifu wako. Basi.

Angalizo kwa wenye kompyuta. Chrome ya kompyuta ina sehemu ya kuigiza skrini ya simu, unachagua iPhone na ukurasa unakuwa mwembamba. Pale kimebadilika kipimo cha skrini tu, injini bado ni Blink. Usijidanganye kwamba umepima iPhone. Azima iPhone.

TAREHE YA KUZALIWA: HAPA NDIPO PENYE KAZI

Nilianza na iPhone 7 ya shemeji. Akaweka 21 Machi 1998, akagusa kitufe, ikaja "Nyota yako ni" halafu neno la kikodi la Kiingereza lenye maana ya kitu kisichojulikana. Kwenye Chrome tarehe hiyohiyo inatoa Punda bila shida.

Sababu yake ni hii. Ukurasa ulikuwa unaunganisha mwaka, mwezi na siku kuwa 1998-3-21, halafu unaikabidhi JavaScript iigeuze kuwa tarehe. Chrome inakubali kuandikiwa hivyo. Safari, hasa zile za iPhone za zamani, ni kali: inataka tarakimu mbilimbili, 1998-03-21. Usipoipa inavyotaka inasema tarehe si sahihi, na hesabu zote zinazofuata zinaharibika.

Ushauri utakaoukuta kila mahali ni kuongeza sifuri. Nikaongeza, iPhone ikakaa sawa. Lakini nina mteja wangu mmoja yupo Houston, Marekani, mwenyeji wa Pangani, huwa anawatumia hela ndugu zake waje kunichukulia ubani. Nikamtumia linki ajaribu. Na yeye amezaliwa 21 Machi. Ukurasa ukamwambia ni Samaki! Akaniandikia, "Mdogo wangu, tangu nizaliwe mimi ni Punda, leo umenitia majini?"

Nikaanza kuchimba. Kumbe ukiandika tarehe kwa mtindo ule wenye sifuri, bila saa, kompyuta inaihesabu kuwa ni usiku wa manane kwa majira ya dunia, yale ya UTC. Sisi Tanzania tupo mbele kwa saa tatu, kwa hiyo kwetu inakuwa saa 9 usiku wa tarehe 21, bado ni siku ileile. Huwezi kuona tatizo hata upime mwaka mzima ukiwa hapa. Muscat wapo mbele kwa saa nne, nao salama. Lakini Houston wapo nyuma ya UTC kwa saa kadhaa, kwa hiyo simu yake inasoma jioni ya tarehe 20. Na tarehe 20 Machi ni siku ya mwisho ya Samaki. Siku moja tu, mtu kahamishwa nyota.

Umeona mchezo? Dawa ya iPhone ndiyo iliyoleta ugonjwa wa Marekani. Na kama unauza keki ukachukua tarehe ya kupeleka kwa njia hii, aliyeko Marekani anayemwagizia mama yake keki ya Jumamosi, kwenye oda itasomeka Ijumaa. Hapo siyo utani tena.

Dawa niliyoibakiza ni rahisi kuliko zote: usiiulize brauza tarehe. Weka menyu tatu za kuchagua, siku, mwezi na mwaka. Chukua namba ya mwezi na namba ya siku jinsi zilivyo, uzilinganishe wewe mwenyewe. Kama mwezi ni 3 na siku ni 21 au zaidi, Punda. Namba 21 haina majira, ni 21 hapa, ni 21 Houston. Oda za keki vilevile, ihifadhi kama maandishi "Jumamosi tarehe 14", usiipitishe kwenye mashine ya tarehe.

Menyu tatu zina faida nyingine. Ile kalenda inayotokea yenyewe kwenye simu inaanzia mwezi huu wa leo. Mama aliyezaliwa 1968 anarudi nyuma mwezi mmoja mmoja, maana wengi hawajui kwamba ukigusa mwaka pale juu unaweza kuruka. Nimemwona mama lishe akirudisha mpaka 2019 akachoka, akasema basi na iwe hivyohivyo. Halafu kalenda hiyo inaonyesha tarehe kufuatana na lugha ya simu. Simu yenye Kiingereza cha Marekani inatanguliza mwezi. 03/04 ni Machi au Aprili? Majina ya miezi yaliyoandikwa kwa maneno hayana ubishi.

Kama huna mteja ughaibuni wa kukupimia, ingia kwenye mipangilio ya simu yako, sehemu ya tarehe na saa, zima ile ya kujipanga yenyewe, chagua majira ya Chicago. Pima. Ukimaliza rudisha, usije ukachelewa dukani.

UTABIRI WENYE NDIMI MBILI

Hili lilinifurahisha. Dada jirani alifungua linki kutoka Instagram, akapata ujumbe wa Ng'e. Baadaye akaifungua kwenye Chrome, nyota ileile, siku ileile, ujumbe mwingine. Akaniambia, "Mganga wako ana ndimi mbili."

Ukurasa ulikuwa unachagua ujumbe kwa bahati nasibu, halafu unauhifadhi kwenye brauza ili mtu akirudi siku hiyo aukute uleule. Shida ni kwamba kila brauza ina kabati lake. Kilichohifadhiwa kwenye brauza ya ndani ya Instagram, Chrome haikioni. Kwa duka la kawaida hii ndiyo sababu mteja anajaza kapu akiwa Facebook, akija kufungua kwenye Chrome analikuta tupu. Anadhani umemfutia.

Kwenye kubashiri, kubadilisha maneno ni kujiua. Hata anayejua ni burudani hapendi kuona umerusha shilingi mara mbili. Kwa hiyo nimeondoa bahati nasibu nikaweka hesabu. Nina jumbe 30. Nyota zina namba kuanzia Punda 1 mpaka Samaki 12. Chukua namba ya nyota zidisha kwa 7, jumlisha tarehe ya leo, jumlisha namba ya mwezi, gawanya kwa 30, shika kinachobaki. Ng'e ni namba 8. Tarehe 14 Agosti inakuwa 56 jumlisha 14 jumlisha 8, sawa na 78. Gawanya kwa 30, inabaki 18. Ujumbe wa 18. Ikibaki sifuri, ni wa 30. Kwenye brauza yoyote jibu ni hilohilo, na hakuna kitu cha kuhifadhi. Nimechagua 7 kwa sababu inazifanya nyota zote 12 zipate jumbe tofauti kwa siku moja. Ukiweka 6, baadhi zitagongana: nyota ya 1 na ya 6 zinapata ujumbe mmoja.

Wazee wa pwani wangenikosoa kidogo hapo, maana siku kwa hesabu yao inaanza jua likizama, usiku wa leo ni wa kuamkia kesho. Simu inabadilisha siku saa 6 usiku. Nimeiacha ifuate simu.

OPERA MINI SIYO BRAUZA KAMA NYINGINE

Wengi wanaipenda kwa sababu inabana bando. Inabanaje? Ikiwa kwenye kiwango cha juu cha kubana, ukurasa wako haufunguliwi kwenye simu ya mteja. Unafunguliwa kwenye seva zao, unasindikwa, halafu simu inaletewa matokeo yaliyobanwa, karibu kama picha ya ukurasa. JavaScript inakimbia kule kwenye seva kwa muda mfupi tu. Mteja akigusa kitufe, ombi linarudi seva, linafanyiwa kazi, linaletwa tena.

Sasa ukurasa wangu ulikuwa na madoido. Nyota zinazunguka sekunde tano, maandishi "Subiri, nyota yako inasomwa", ndipo jibu linakuja. Kwenye Chrome inapendeza kweli. Kwa mtu wa Opera Mini seva ilishafunga hesabu, anabaki na "Subiri" mpaka kesho. Fonti ya mapambo nayo haiji, na mizunguko haizunguki.

Nimefanya hivi. Nimetengeneza kurasa 12 za kawaida kabisa, kila nyota na ukurasa wake, maandishi na kitufe cha WhatsApp, bila JavaScript hata mstari mmoja. Kwenye ukurasa wa mwanzo nimeweka orodha ya nyota na tarehe zake kama linki za kawaida. Mwenye brauza kubwa anatumia menyu na anapata ujumbe wa siku. Mwenye Opera Mini anagusa "Ng'e" anafika. Anakosa ujumbe wa siku lakini ananunua. Madoido nimeyapunguza mpaka sekunde moja, na kiukweli hakuna aliyeyaulizia.

Kupima hili huhitaji hata Opera Mini. Kwenye Chrome ya simu ingia mipangilio, mipangilio ya tovuti, zima JavaScript, fungua ukurasa wako. Kama bado unaweza kufika kwenye kitufe cha kuagiza, umepona.

VITU VIDOGO VYA HARAKAHARAKA

Kwenye iPhone, kama maandishi ya ndani ya kisanduku cha kujaza ni madogo kuliko 16, ukikigusa ukurasa wote unavutwa na kukua, kitufe kinatoka nje ya skrini. Weka 16. Pia ukipanga kitufe kikae chini kabisa kwa kutumia urefu kamili wa skrini, upau wa Safari unaweza kukifunika. Mimi kitufe nimekipandisha katikati, chini tu ya jibu.

Samsung Internet ina hali ya giza inayogeuza rangi za ukurasa wenyewe. Maandishi yangu ya dhahabu juu ya mandhari nyeupe yakawa hayasomeki. Pima usiku, ukiwa umewasha hiyo hali.

Alama za nyota zile za emoji zinatoka tofauti kila simu. Weka na jina, usiweke alama peke yake. Na usiweke picha kubwa. Picha 12 za kilobaiti 400 kila moja ni karibu megabaiti 5, na mteja ndiye anayezilipia.

Lugha pia. Ndani ya kodi, mstari wa juu unaotaja lugha ya ukurasa, violezo vingi vinakuja vimeandikwa Kiingereza. Weka "sw". Usipoweka, unaichanganya brauza, na mteja ambaye simu yake ni ya Kiingereza anaweza kukuta Chrome inaulizia kutafsiri. Akikubali, Punda anakuwa punda wa kubeba mizigo, na Kaa anaweza kuambiwa akae chini.

KITUFE CHA WHATSAPP

Hiki ndicho kinacholeta hela kwa hiyo kipime mwisho na ukipime kwa kutuma kweli, usiishie kuona kimefunguka. Tumia linki ya wa.me, siyo ile inayoanza na neno whatsapp na nukta mbili, kwa sababu brauza za ndani ya programu nyingine mara nyingi haziielewi na zinaonyesha ukurasa wa hitilafu. Namba ianze na 255, bila alama ya kujumlisha na bila sifuri ya mbele.

Halafu angalia maandishi unayomtangulizia mteja. Kifurushi changu kimoja kinaitwa Udi & Ubani. Nilipojitumia oda kutoka simu ya fundi, ujumbe ulifika "Naomba Udi" ukaishia hapo. Ile alama ya & ndani ya linki ina kazi yake, inaiambia brauza kwamba maneno yamekwisha na kinaanza kitu kingine. Andika "na", au kama unajua kodi ibadilishe kuwa %26. Mteja wa kifurushi cha Sh 18,000 akifika kwako kama mteja wa udi wa 5,000, na wewe ukamjibu bei ya 5,000, hapo mtaanza kubishana bure. Kwa hiyo kila kifurushi chako kitumie oda moja, kutoka Chrome, kutoka iPhone na kutoka ndani ya Instagram, halafu kaa usome kilichofika neno kwa neno.